Laptopu Imekataa Kushika Wi-Fi ya Nyumbani? Kagua Haya Kabla Hujamlipa Mtu

Wi-Fi ikipotea kwa simu, wengi wetu hununua bando ya siku na maisha yanaendelea. Ikikataa kwa laptopu, hapo sasa ndipo presha hupanda. Kazi zenye pesa ziko kwa laptopu: ripoti ya mdosi, kazi ya mtandaoni inayolipwa ukishaituma, fomu ya mkopo wa masomo, CV ambayo mlango wake unafungwa saa sita usiku. Halafu kuna 30 Juni, siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani za ushuru kwa KRA. Mtu binafsi akichelewa, adhabu ni Sh2,000 au asilimia 5 ya ushuru anaodaiwa, kiasi kitakachokuwa kikubwa.

Mtu akiwa kwenye hali hiyo hulipa haraka. Analipa kifurushi mara ya pili ilhali cha kwanza bado kipo. Anamtumia nauli fundi ambaye hajawahi kumwona. Wengine huishia kumpa mgeni nambari ambayo hata ndugu zao hawaijui.

Habari njema ni kwamba shida nyingi za laptopu na Wi-Fi ni ndogo, na unaweza kuzitatua mwenyewe bila kutoa hata shilingi. Fuata hatua hizi kwa mpangilio, kwa sababu kila moja inakuambia uelekee wapi baadaye.

Kwanza, jua mgonjwa ni nani

Chukua simu yako, zima data, kisha iunganishe na Wi-Fi ya nyumbani. Kuzima data ni muhimu. Usipoizima, simu inaweza kutumia bando yako kimyakimya nawe ukadhani Wi-Fi iko sawa.

Sasa fungua tovuti ambayo hujaifungua leo. Ikifunguka, intaneti ya nyumba ni nzima na shida iko kwa laptopu. Isipofunguka, laptopu haina makosa. Shida iko kwa ruta, kwa waya, au kwa malipo.

Jaribio hili huchukua dakika moja tu, na linaweza kukuokoa kulipa fundi wa kompyuta wakati waya umekatwa kwa nguzo huko nje.

Kama hata simu haina intaneti

Angalia taa za ruta. Ukitumia faiba, kuna taa iliyoandikwa LOS. Ikiwaka nyekundu au kupepesa, maana yake ruta haipati mwanga kutoka kwa waya wa nje. Huenda waya umekatwa mtaani, umechomoka, au umekunjwa sana nyuma ya kochi. Waya wa faiba una uzi wa kioo ndani yake, kwa hivyo ukikunjwa kama kamba ya viatu mwanga haupiti. Unyooshe polepole, na uhakikishe umeingia vizuri kwenye ruta. Taa ikibaki nyekundu, hata ukizima na kuwasha ruta mara kumi haitasaidia. Pigia kampuni yako ya intaneti.

Kama hakuna taa nyekundu, chomoa ruta kwa stima, hesabu sekunde thelathini, irudishe, kisha ipe dakika tatu hivi iamke. Ruta nayo ni kompyuta ndogo. Ikikaa miezi bila kupumzika huchoka.

Bado? Basi angalia malipo. Hapa kuna mambo mawili yanayowachanganya wateja wengi.

La kwanza ni hesabu ya siku. Vifurushi vingi vya nyumbani ni vya siku 30, si vya mwezi wa kalenda. Ukilipa 5 Mei, siku 30 zinaisha 4 Juni. Ukilipa tena siku hiyo, unafika 4 Julai, halafu 3 Agosti, halafu 2 Septemba. Tarehe inarudi nyuma polepole, na wewe akilini bado unajua unalipa tarehe tano. Weka kikumbusho kwa simu kila unapolipa, usitegemee tarehe ya zamani.

La pili ni nambari ya akaunti. Unapolipa kwa Paybill, kuna nambari ya biashara na kuna nambari ya akaunti. Nambari ya biashara ikiwa sahihi na ya akaunti ikiwa na kosa, pesa zinafika kwa kampuni lakini hazijui ni za nani. Huenda pia zimewasha intaneti ya mtu mwingine. Hapo usilipe mara ya pili kwanza. Tafuta ujumbe wa malipo, soma nambari ya akaunti uliyoandika, kisha uitumie kampuni yako ile kodi ya muamala. Kwa M-Pesa ni ile yenye herufi na tarakimu kumi mwanzoni mwa ujumbe. Kodi hiyo ndiyo risiti yako, na wakiwa nayo wanaweza kuona pesa ziliingia wapi.

Kama simu iko sawa na laptopu ndiyo imegoma

Hapa tuchukulie laptopu yako ina Windows, kwa kuwa ndiyo iliyo kwa watu wengi. Anza na hatua rahisi.

1. Hakikisha Wi-Fi ya laptopu haijazimwa. Inaonekana kama mzaha, lakini hutokea sana. Kuna kitufe chenye picha ya ndege au ya mnara kwenye ule mstari wa juu wa kibodi, na ukikigusa ovyo Wi-Fi inazimika. Laptopu nyingine za zamani zina swichi ndogo kabisa ubavuni au mbele. Bonyeza alama ya mtandao kwenye kona ya chini kulia ya skrini, uone kama Wi-Fi imewashwa na alama ya ndege imezimwa.

2. Chagua Restart, si Shut down. Watu wengi hawajui tofauti. Kwenye laptopu nyingi za Windows, ukibonyeza Shut down mashine huhifadhi sehemu ya hali yake ili iwake haraka kesho. Kwa hivyo inaweza kuamka na shida ileile ya jana. Restart ndiyo huanza upya kabisa.

3. Fanya laptopu isahau mtandao. Kama mtu alibadilisha nenosiri la Wi-Fi, laptopu inaweza kuwa bado inabisha hodi na lile la zamani. Fungua Settings, nenda Network & internet, kisha Wi-Fi, halafu Manage known networks. Chagua Wi-Fi yako, bonyeza Forget, kisha uunganishe upya. Andika nenosiri polepole: herufi kubwa na ndogo si sawa, na sifuri hufanana sana na herufi O. Umelisahau? Mara nyingi la mwanzo limeandikwa kwenye kibandiko chini au nyuma ya ruta. Simu nyingi za Android pia hukuonyesha ukibonyeza Share kwenye mipangilio ya Wi-Fi.

4. Angalia tarehe na saa. Hili ndilo huwashangaza wengi. Laptopu imeshika Wi-Fi vizuri, lakini kila tovuti inasema si salama na inakataa kufunguka. Angalia pembeni: je, laptopu inadhani tuko mwaka wa 2015? Tovuti za benki, za serikali na nyinginezo hutumia vyeti vya usalama vyenye tarehe ya kuanza na kuisha. Laptopu ikiwa imepotea kwa tarehe, inaviona vyeti hivyo kama visivyofaa. Weka tarehe na saa sahihi, na ukanda wa saa uwe wa Nairobi.

Ikiwa tarehe inarudi nyuma kila ukizima mashine, betri ndogo ya ndani imeisha. Inafanana na sarafu, na nyingi huitwa CR2032. Shida hii huonekana sana kwa zile laptopu za mitumba tunazoita ex-UK, kwa sababu zimekaa miaka mingi. Fundi akikuambia ubadilishe bodi nzima kwa ajili ya tarehe, muulize kwanza habari ya hiyo betri.

5. Zima VPN na proksi. Uliweka VPN ya bure ukaisahau? Ikikwama, inaziba njia hata kama Wi-Fi ni nzima. Izime, ujaribu tena. Ukiwa kwa Settings, pitia pia sehemu ya Proxy uone kama kuna kitu kimewashwa ambacho hukukiweka.

6. Je, laptopu inaiona Wi-Fi yako kabisa? Kama inaona za majirani na yako haionekani, huenda ruta inarusha kwa masafa ya 5 GHz pekee. Laptopu za zamani zinajua 2.4 GHz tu. Masafa ya 5 GHz yana kasi zaidi lakini hayaendi mbali, na kuta zetu za mawe huyapunguza sana. Ruta nyingi zina yote mawili, kwa hivyo omba kampuni yako iwashe 2.4 GHz. Kabla ya kupiga simu, beba laptopu ukae karibu na ruta. Ikishika hapo na ikakataa chumbani, shida yako ni umbali, basi.

7. Imeshika lakini haina intaneti? Fungua maelezo ya muunganisho utafute mstari wa IPv4. Nambari ikianza na 169.254, ruta haikuipa laptopu anwani, hivyo mashine ikajibunia yake. Zima ruta na uiwashe tena, kisha uunganishe upya. Kama nyumba imejaa vifaa, ondoa vichache kwanza. Ruta nyingine zimewekewa kikomo cha vifaa.

8. Alama ya Wi-Fi imetoweka kabisa? Hapo ni dereva, yaani programu inayofundisha Windows kuongea na kadi ya Wi-Fi. Bonyeza alama ya Windows kwa upande wa kulia wa kipanya, fungua Device Manager, kisha Network adapters. Ukiona jina lenye Wi-Fi au Wireless, chagua Uninstall device bila kuweka tiki kwenye kisanduku cha kufuta dereva, kisha ufanye Restart. Mara nyingi Windows huirudisha yenyewe.

9. Silaha ya mwisho ni Network reset. Iko ndani ya mipangilio ya mtandao. Huondoa mipangilio yote ya mtandao na kuanza upya, kwa hivyo itasahau nenosiri la kila Wi-Fi uliyowahi kutumia. Andika unayoyahitaji kwanza.

Kama Wi-Fi yako ni ya ploti au ya mtaa

Wengi hatuna ruta yetu. Tunanunua masaa au siku kwa simu, ukurasa wa malipo unajifungua, na tunaendelea. Hapa laptopu inaweza kushika Wi-Fi na bado isipate chochote, na wala haijaharibika. Mfumo huo huwa unakumbuka kifaa kilicholipiwa. Ulilipia simu, basi simu ndiyo imeruhusiwa.

Soma masharti ya kifurushi chako kwanza: ni cha kifaa kimoja au viwili? Kikiruhusu vya ziada, fungua kivinjari kwa laptopu na usubiri ukurasa wa kuingia ujitokeze, kisha uweke kodi uliyopewa. Kisipoiruhusu laptopu, usikimbilie kununua kingine. Tumia njia ya waya wa simu iliyo hapa chini.

Jambo lingine: simu na laptopu za siku hizi zinaweza kubadilisha utambulisho wao wa Wi-Fi kwa ajili ya faragha. Mfumo wa mtaa ukiona utambulisho mpya unadhani ni kifaa kipya ambacho hakijalipa. Kwa Windows mpangilio huu huitwa Random hardware addresses. Uzime kwa mtandao huo ulioulipia.

Kishimo cha nyuma ya ruta, kiache

Nyuma ya ruta kuna kishimo kidogo kilichoandikwa Reset. Mtu atakuambia uchomeke pini uhesabu hadi kumi. Usifanye hivyo bila maelekezo ya kampuni yako. Kishimo hicho hakiwashi ruta upya tu. Hufuta kila kitu, pamoja na mipangilio ambayo kampuni iliweka ili ruta itambulike kwao. Ulikuwa na shida ya laptopu moja, sasa nyumba nzima haina intaneti mpaka mtaalamu wao aje. Kuchomoa stima inatosha.

Kazi lazima iende leo: tumia waya wa simu

Saa imeenda na hujapata suluhisho? Unganisha simu na laptopu kwa waya wa USB, ule wa kuchaji wenye uwezo wa kupitisha data. Kwa Android, nenda kwenye mipangilio ya hotispoti na uwashe USB tethering. Laptopu itapata intaneti kupitia waya, hata kama kadi yake ya Wi-Fi imekufa.

Uzuri wa njia hii ni kwamba simu nyingi za Android zikiwa zimeshika Wi-Fi hupitisha Wi-Fi hiyohiyo, kwa hivyo huli bando. Hakikisha tu data imezimwa. Njia hii pia hukusaidia kupakua dereva mpya kutoka tovuti ya waliotengeneza laptopu yako. Kama una waya wa LAN, unaweza pia kuunganisha laptopu na ruta moja kwa moja.

Ukienda saiba badala yake, usikubali kivinjari kihifadhi nenosiri lako, na utoke kwenye akaunti zako zote kabla ya kuinuka.

Hapa ndipo matapeli hungojea

Mtu asiye na intaneti na mwenye haraka ni mawindo mazuri. Hizi ndizo njia wanazotumia sana.

Unaandika lalama mtandaoni kwa kampuni yako. Baada ya dakika chache akaunti yenye nembo ileile inakujibu, inakuomba nambari ya simu, kisha inataka ada ya kuunganishwa upya itumwe kwa nambari ya mtu binafsi. Kampuni ya intaneti inalipwa kwa njia yake rasmi, ile uliyopewa ulipojiunga. Jina la mpokeaji likitokea kwa skrini kabla hujathibitisha, lisome. Kama si la kampuni, katisha.

Au unapigiwa na "mtaalamu" anayetaka uweke programu ya kumruhusu aone skrini yako, kama AnyDesk au TeamViewer. Programu hizo si mbaya zenyewe, lakini anayeendesha laptopu yako anaona unachoona: barua pepe, benki, nyaraka. Usimfungulie mtu ambaye hukumtafuta wewe mwenyewe kupitia nambari rasmi.

Au anasema ulilipa zaidi na anataka kukurudishia, kisha ombi la PIN linajitokeza kwa simu yako. Kupokea pesa hakuhitaji PIN hata siku moja. Ombi la PIN ambalo hukulianzisha ni mtu anayejaribu kutoa pesa kwako. Katisha. Vilevile, usimsomee mtu kodi ya muda iliyotumwa kwa SMS, hata akiijua nambari ya akaunti yako.

Safaricom hupigia wateja wake kutoka 0722 000 000 pekee, na ujumbe wa utapeli unaweza kuutuma bure kwa 333. Ukituma pesa kwa nambari isiyo sahihi kwa M-Pesa, peleka ule ujumbe wa muamala kwa 456 mara moja. Kila dakika inampa aliyepokea nafasi ya kuzitoa.

Na kama ni lazima fundi

Kuna wakati kadi ya Wi-Fi imekufa kweli. Dalili ni kwamba umefuata hatua zote, dereva amerudishwa, na bado laptopu haioni mtandao wowote, hata hotispoti ya simu iliyo kando yake. Kabla ya kufungua mashine, uliza bei ya kidude cha Wi-Fi cha USB. Ni kidogo, kinachomekwa pembeni, na kwa maduka ya vifaa vya elektroniki kama yale ya Luthuli hukosi. Kwa laptopu ya zamani mara nyingi kinatosha.

Ukienda kwa fundi, mwambie ulichojaribu na kilichotokea. Patana bei kabla hajaanza. Lipa kazi ikiisha na ukiona Wi-Fi imeshika mbele yako, na ikiwezekana lipa kwa Till ili jina la biashara libaki kwenye ujumbe wako. Akirudi kukuambia ni shida nyingine, una rekodi.

Mambo manne ya kuhifadhi kwa simu leo

Usingoje siku ya shida. Andika kwa simu yako sasa, ukiwa mtulivu: nambari ya akaunti yako ya intaneti pamoja na Paybill yake, nambari rasmi ya huduma kwa wateja, tarehe kifurushi kinapoisha, na jina la Wi-Fi yako. Nenosiri la ruta liandike kwa daftari la nyumbani. PIN yako usiiandike popote.

Una ndugu au jirani ambaye hungoja 30 Juni jioni ndipo afungue laptopu? Mtumie makala haya mapema, kabla haijafika saa tano usiku akaanza kukupigia wewe.